Mshiko wa Mpiga Ngoma

Nimechoka kusoma ngoma. Kuzisikia bado sijachoka, na sidhani kama nitachoka. Kuzisoma ndiko kumenishinda. Kila baada ya muda hapa mtandaoni inatoka insha ya mtu aliyekwenda kwao likizo, akasikia ngoma usiku, akarudi Dar na maneno yaleyale: mdundo wa mababu, sauti ya ardhi, mapigo ya moyo wa Afrika. Mwandishi analia kidogo, ngoma inalia sana, na ukifika mwisho hujui nani alikuwa anaipiga, alishika nini mkononi, wala kesho yake aliamkia kazi gani.

Sasa limezuka tawi jipya la insha hizo, nalo ndilo lililonitoa kwenye shughuli zangu. Linahusu raba. Wapigaji wengi wa dramu makanisani na kwenye bendi za harusi siku hizi wanatumia stiki zilizovikwa raba sehemu ya kushikia. Wachache wana zile za kiwandani, zilizochovywa kabisa huko zilikotoka. Wengi wamejifungia wenyewe kipande cha tyubu ya baiskeli. Na baadhi ya wanaopiga ngoma zetu za vijiti wameona, wamejaribu, wamebaki nayo. Basi wapenzi wa utamaduni wamekasirika. Eti raba inakata mawasiliano kati ya mkono na mti. Eti mpigaji wa kweli hahitaji vitu hivyo. Eti ni kudeka kwa kizazi cha simu.

Mimi naishi Singida, nafanya kazi ya habari, na nimekaa na wapigaji kadhaa nikawashika viganja. Nasema huo ni upuuzi, tena upuuzi wa watu ambao hawajawahi kupiga kitu chochote zaidi ya kibodi.

Tuanze na hali ya hewa, maana hata wenye viwanda hawakutufikiria. Matangazo ya stiki za raba huzungumzia jasho: jukwaa, taa kali, jamaa amelowa mpaka kwenye nywele, stiki inamponyoka na kurukia mashabiki. Sawa, huko kwao. Huku kwetu tatizo mara nyingi ni kinyume. Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mvua zikikata mwezi wa nne au wa tano, hatuzioni tena mpaka Novemba au Desemba. Katikati hapo, hasa Juni na Julai, unavuma upepo mkavu wa baridi ambao kila aliyewahi kusubiri basi la alfajiri anaujua. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, viganja vinakuwa kama karatasi ya kaki. Haya, chukua kiganja hicho, kipe mti uliopakwa varnishi mpaka unang'aa, halafu mwambie mwenye kiganja apige pambio la dakika ishirini bila kupumzika.

Ngozi yenye unyevunyevu kidogo hushika. Ngozi kavu huteleza. Hii haihitaji maabara. Mtazame mtu anayepasua kuni. Kabla ya kunyanyua shoka anatemea mate viganjani, anasugua, ndipo anashika mpini. Mkulima naye vilevile. Sasa niambie, mpiga dramu wa kwaya atemee mate viganjani pale mbele ya madhabahu, mchungaji akimwangalia?

Halafu kinachofuata ndicho waandishi wetu hawakijui. Kitu kikitaka kukuponyoka, mkono hubana. Haukuombi ruhusa. Na stiki haitakiwi kubanwa. Mwalimu yeyote wa dramu atakueleza hivyo somo la kwanza: kidole gumba na cha shahada vinatengeneza egemeo, kama theluthi moja kutoka mkiani, vidole vingine vinaisindikiza tu, na stiki ikigonga ngozi inarudi yenyewe. Ngoma inakurudishia nusu ya kazi. Ukibana, unaua kule kurudi. Kila pigo linakuwa pigo la kunyanyua upya, kwa nguvu ya mkono mtupu, na baada ya nyimbo tatu maumivu yanapanda kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Kano zinavimba. Mlio nao unakuwa mfupi, mkavu, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Yaani hayo "mawasiliano kati ya mkono na mti" wanayoyalilia yanakufa hapo, kwenye mkono uliobana kwa hofu ya kuangusha. Kipande cha raba kinampa mpigaji ruhusa ya kulegeza vidole. Kinachoitwa kizuizi ndicho kinachoachia mti ucheze.

Na wala hoja yenyewe haisimami kimantiki. Watu wa Manyoni wakiniletea muheme, nitanyamaza kwa heshima: pale wanawake wa Kigogo wanaibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, ngozi kwa ngozi, hakuna kitu katikati. Lakini stiki yenyewe ni nini, kama si kitu kilichowekwa katikati? Ukishashika kijiti umeshakubali kwamba mkono hautaigusa ngozi. Kilichobaki ni kuulizana kijiti kipi na kimeshikwaje, na hilo ni suala la ufundi. Utakatifu haumo.

Huwa nawaza pia kuhusu bodaboda. Mshikio wa pikipiki una raba. Wa baiskeli una raba. Sijasoma hata insha moja inayosikitika kwamba raba imekata mawasiliano kati ya dereva na barabara.

Neno "asili" ndilo linalotumika kufungia mjadala, basi tulifungue. Hizo dramu za kanisani ni za asili ya wapi? Ngozi zake ni za plastiki. Tangu miaka ya 1950, kampuni za Marekani kama Remo zilipoanza kuuza ngozi za plastiki, ngozi ya ndama imekuwa kitu cha nadra kwenye dramu, na hakuna mtu wa huku aliyevaa nguo nyeusi. Ile sehemu inayopigwa, inayotoa mlio wenyewe, ikageuzwa plastiki tukashangilia. Sehemu ya kushikia, isiyotoa mlio wowote, ikivikwa raba, mababu wanatukanwa.

Na tusijifanye raba ni mgeni kwenye ngoma za Afrika. Wachopi wa kusini mwa Msumbiji wana timbila, zile marimba kubwa zinazopigwa na kundi zima, ambazo UNESCO ilizitangaza kuwa urithi wa dunia nzima mwaka 2005. Vijiti vya kupigia timbila vina vichwa vya raba, na ilikuwa ni utomvu wa porini kabla tairi halijafika. Raba iko kwenye kichwa cha kijiti, kule kunakogusana na ala! Nenda pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, ukatazame beni inavyozaliwa: watu wameziona bendi za kijeshi za wazungu, wamechukua ngoma zao, tarumbeta zao na kofia zao, wakatengeneza ngoma ya mashindano iliyokuja kuenea mpaka bara Tanganyika. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na leo tunakisoma kama historia yetu. Ndivyo ilivyo, ni yetu. Lakini walioianzisha nao walikuwa na wazee wao waliosema vijana wameharibika.

Nirudi kwenye mkono, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Kwenye ngoma za ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe kuna desturi ambayo kila mtu anaijua. Ngozi ikinywea kwa unyevu, mlio unalegea, basi inaoteshwa moto. Wanawasha nyasi au kuni, ngoma zinazungushwa, mtu anazigonga kidogokidogo kusikiliza kama zimeiva. Waandishi wanaipenda mandhari hiyo. Moto, giza, cheche, nyuso za wazee. Utadhani imeumbwa kwa ajili ya aya ya ufunguzi. Ila pale pana ngozi mbili. Moja ya mbuzi, imewambwa, inaoteshwa, inabembelezwa. Nyingine ya mtu, imepasuka kwa baridi, ina malengelenge mawili chini ya kidole cha shahada, nayo ikitafutiwa kipande cha raba inaambiwa imedeka.

Methali zetu nazo zimechangia. Ngoma ikilia sana hupasuka: kinachopasuka ni ngoma. Ngoma ya watoto haikeshi, maana yake ya wakubwa inakesha, lakini anayekesha akiipiga hatajwi. Mcheza kwao hutunzwa, naam, mcheza. Na mkono wa mtu ulipoingia kwenye methali, uliingia kwa mpiga ngumi ukuta, yule anayeumiza mkonowe kwa ujinga wake. Mpiga ukuta amekumbukwa. Mpiga ngoma hapana.

Au mchukue Mzee Morris Nyunyusa. Mpigaji asiyeona, amezungukwa na ngoma zaidi ya kumi, anazipiga zote peke yake, na mdundo wake ndio uliofungulia taarifa za habari za Redio Tanzania Dar es Salaam kwa miaka na miaka. Watu walirekebisha saa zao kwa mikono ya mtu yule. Anayemwandika karibu kila mara anaanza na macho yake. Macho! Kitu pekee ambacho hakukitumia.

Linganisha na hadithi ya Vic Firth. Alikuwa mpigaji wa timpani kwenye Boston Symphony Orchestra, Marekani. Stiki zilizokuwepo madukani hazikumridhisha, akaamua kutengeneza za kwake, na mwaka 1963 ikazaliwa kampuni ambayo leo jina lake limechapwa kwenye stiki mpaka za kanisa la Kiomboi. Kampuni nzima imetoka kwenye lalamiko la mpigaji kuhusu kitu alichoshika. Kule lalamiko limekuwa kiwanda. Huku lalamiko lilelile, la kijana wa Ikungi, linaitwa uvivu.

Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka makala kwenye gazeti moja kuhusu tamasha la kwaya. Humo niliweka aya mbili juu ya tyubu, inavyokatwa na inavyofungwa. Ilipotoka, aya hizo hazimo. Maneno "mdundo uliotikisa uwanja" yamo, ambayo sikuyaandika mimi.

Sasa nisije nikaonekana nauza raba. Kasoro zake zipo, na ukitaka kuzijua usimuulize mwandishi wa insha, muulize anayeitumia. Wapigaji niliozungumza nao wanailaumu raba kwa undani ambao wapinzani wake hawana.

Kuna anayesema inamfunga. Amezoea kuizungusha stiki kidogo mkononi kati ya pigo na pigo, kuisogeza mbele akitaka mlio wa taratibu, nyuma akitaka nguvu. Raba inaing'ang'ania pale ilipo. Mwingine anasema malengelenge hayakuisha, yalihama: mti unaoteleza unasugua ngozi, raba inayonata inaivuta, na ngozi inayovutwa maelfu ya mara kwa ibada moja nayo huachana na nyama. Mwingine uzito. Stiki ya kawaida ya saizi 5A ina kipenyo cha milimita 14 hivi, urefu sentimita 40 na kitu. Ni kijiti chepesi, na gramu chache ukiziongeza nyuma ya egemeo kichwa kinakuwa chepesi, kinapaa mapema, pigo linafika limechoka. Halafu kuna tyubu ya bei rahisi ambayo ikipata joto inatoa weusi. Kwaya imeshona sare nyeupe. Nadhani umeelewa.

Lakini lalamiko nililolipenda kuliko yote ni la ukingo. Kwenye nyimbo za polepole, za toba au za mazishi, mpiga dramu haipigi snea kwa kichwa cha stiki. Anaigeuza, analaza kiganja juu ya ngozi, halafu anagonga chuma cha ukingo kwa upande wa mkia. Unatoka ule mlio mkavu, tak, tak, kama kipande cha ubao kwenye chumba kitupu. Wimbo mzima unaegemea hapo. Sasa stiki ya kiwandani iliyochovywa imevikwa raba mpaka kwenye mkia. Ukigonga ukingo inatoa mlio wa kiatu kwenye mkeka. Wimbo wa toba unageuka kichekesho. Mpigaji aliyenunua stiki hizo kwa hela yake, tena kwa kuagizia Dar, anajikuta anahitaji pea nyingine ya kawaida pembeni kwa ajili ya nyimbo za polepole, abadilishe katikati ya ibada kama mpishi anayebadilisha mwiko.

Hapa ndipo wale wa tyubu wamewashinda wenye viwanda. Wanaanza kufunga vidole viwili juu ya mkia, wanauacha mkia wazi, wanapanda kwa kuzungusha mpaka chini kidogo ya egemeo, wanaishia hapo. Vidole vya nyuma vinashika raba, gumba na shahada vinashika mti mtupu. Stiki inazunguka ukitaka, inatulia ukitaka, na ukiigeuza mkia unalia kama ulivyoumbwa. Sijui kama kuna mhandisi wa Marekani aliyelipwa kufikiria hivyo. Huku imefikiriwa na mtu anayelima vitunguu.

Wapo pia wasiotaka raba kabisa na wana akili zao. Wanachukua msasa wanaiondoa varnishi sehemu ya kushikia, mti unabaki na ukavu wake, na mkono mkavu unaupokea vizuri zaidi. Mwingine anapaka nta. Mkoa huu una asali, nyuki wa vichaka vya Itigi na Manyoni hawana mpinzani kwa upande wangu, na nta ikipata joto la kiganja inanata kwa adabu kuliko raba. Ubaya wake ni vumbi. Ukiiacha stiki yenye nta juu ya spika saa moja tu mwezi wa nane, unairudia imeota ndevu.

Huu ndio mjadala. Una hoja, una majaribio, una vichekesho, una watu wanaopingana kwa sababu. Mtu mwenye kalamu akiukuta, akauruka ili aandike "mapigo ya moyo wa Afrika", ameacha fasihi mlangoni akaingia na bango.

Kiswahili cha mtaani kina neno zuri hapa. Mshiko ni namna ya kushika. Mshiko pia ni hela. Nadhani hasira dhidi ya mshiko wa kwanza inatokana na kutotaka kuzungumzia wa pili. Mpiga ngoma akiwa sauti ya mababu, mababu hawadai. Akiwa ni mtu mwenye kiganja, basi ana tumbo pia, na nauli, na watoto shuleni.

Hebu fungua bajeti ya kamati ya harusi yoyote. Kuna ukumbi, chakula, mapambo, keki, mpiga picha, MC. Kuna "muziki", mstari mmoja, ambao sehemu kubwa yake inachukuliwa na mwenye vyombo. Mpigaji yumo humo ndani, chini kabisa, kwenye kile kitakachobaki. Kanisani ni asante na soda, na sikatai, kuna anayepiga kwa nadhiri na hataki hata hiyo soda. Lakini angalia umiliki. Dramu ni za kanisa. Spika ni za kanisa. Stiki ni za mpigaji. Zinavunjika anapiga, ananunua yeye. Chombo pekee anachotakiwa kukileta mwenyewe ndicho tunachomwambia asikiguse, asikifunge, akiache "halisi".

Na Jumatatu kiganja hichohicho kinashika jembe. Wasomaji wa mjini mtaniwia radhi, najua wengi mnalijua jembe kutoka kwenye mashairi. Lengelenge lililopasuka Jumapili saa sita mchana halijapona Jumatatu alfajiri. Msimu wa palizi ya alizeti hausubiri. Anayepiga akiwa na mshiko mbaya analipa mara mbili, kwa kano zake na kwa shamba lake, na hizo siku mbili tatu za kupalilia kwa mkono mmoja haziingii kwenye insha ya mtu yeyote. Majirani zetu Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya jembe kabisa, mpigaji na mkulima wakiwa kwenye shamba moja. Wao angalau hawakuwahi kusahau kwamba ni mkono uleule.

Nimeshaulizwa kama basi nataka tuandike makala za ufundi badala ya fasihi. Swali hilo linatoka kwa mtu anayedhani fasihi ni kile kinachobaki ukishaondoa vitu. Mimi naona mwandishi aliyeshindwa kuniambia kijiti kilikuwa cha mti gani hataweza kunishawishi kuhusu mababu. Mkole na hikori havilii sawa wala havimchoshi mtu sawa. Ukisikiliza vizuri, hata ukiwa nje ya kanisa, unaweza kutambua mpigaji aliyebana na aliyelegeza. Wa kwanza unamsikia anavyokimbizana na wimbo. Wa pili wimbo unamfuata yeye.

Pale karibu na soko kuna fundi baiskeli ambaye haya yote ameshayamaliza bila kusoma insha ya mtu. Ukimwomba tyubu iliyotoboka anakuuliza kwanza: ya kufungia mzigo au ya dramu? Ya mzigo anakupa nene, ya baiskeli kubwa. Ya dramu anachambua mpaka apate nyembamba, anaipangusa, anaikata mshazari kama utepe ili ikizungushwa isifanye tuta, na kwenye kukata hachukui hela.